Sura ya Sita: Kinywa cha Mlinzi wa Zizi

Katika tarafa ya Nassa, wilayani Busega, ambako barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita kati ya mashamba ya pamba na Ghuba ya Speke, mbwa hafugwi kwa ajili ya pambo. Hufugwa ili alinde zizi usiku, afuatane na wachungaji mchana, na abweke mapema fisi anapokaribia ng'ombe. Kazi hizo zote zinadai mnyama anayekula vizuri na anayeweza kuuma pale inapobidi, na hata hivyo kinywa ndicho sehemu ya mwili wa mbwa ambayo mwenye mbwa huitazama kwa nadra kuliko zote. Kupe akimng'ang'ania sikioni huonekana, na mguu ukichomwa na mwiba mbwa huchechemea, lakini ufizi unaooza chini ya mdomo wa juu hufunikwa na mdomo wenyewe, na mbwa, ambaye kwa silka yake haonyeshi maumivu hadharani, huendelea kula huku akiumwa. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba ugonjwa wa kinywa cha mbwa huanzia kwenye mstari ambapo ufizi hukutana na jino, na kwamba weupe wa jino, ambao ndio watu huutazama, hausemi mengi kuhusu afya yake.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya binadamu, na mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, ambayo huchomoza kati ya wiki ya tatu na ya sita na kung'oka yenyewe ili kuyapisha meno ya kudumu, shughuli ambayo kwa kawaida huwa imekamilika mbwa afikapo miezi saba. Katika hayo 42, meno madogo ya mbele ni 12, chonge ni 4, magego ya mbele ni 16 na magego ya nyuma ni 10. Chonge hutumika kushika na kurarua, na mzizi wake ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, jambo linaloeleza kwa nini kuling'oa ni operesheni halisi wala si kazi ya koleo na nguvu za mkono. Kazi ya kukata nyama na kuvunja mifupa hufanywa na jozi mbili za magego makubwa, moja kila upande, ambapo gego la nne la mbele la taya la juu hupishana na gego la kwanza la nyuma la taya la chini. Gego hilo la juu lina mizizi mitatu iliyokaa karibu kabisa chini ya jicho, na msomaji atalikuta tena mbele, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo ya kinywa cha mbwa hulizunguka.

Saa chache tu baada ya jino kuwa safi, utando mwembamba wa protini za mate hulifunika, na bakteria hujishikiza juu ya utando huo na kuongezeka hadi kuwa tabaka laini, lenye kunata, ambalo madaktari huliita plaki. Plaki haionekani kwa urahisi, na ikiachwa kwa siku mbili au tatu madini ya kalisi yaliyomo kwenye mate huanza kuigandisha, kama vile chokaa inavyogandamana ndani ya birika la kuchemshia maji, hadi igeuke kuwa ugaga, yaani tabaka gumu la rangi ya manjano au kahawia ambalo haliwezi tena kutolewa kwa mswaki. Wenye mbwa wengi huona ugaga na kudhani kwamba huo ndio ugonjwa, lakini ugaga wenyewe hufanya kazi mbili tu: unakwaruza ufizi, na uso wake wenye vinyweleo huwapa bakteria wapya mahali pa kukaa. Kinachoangamiza jino ni bakteria wanaopenya chini ya ufizi, pamoja na mwako wa mwili unaojaribu kupambana nao. Ufizi huvimba na kuwa mwekundu, kisha huachana na jino na kufanya mfuko, kisha nyuzi na mfupa unaoshikilia mzizi huyeyuka polepole. Hatua ya kwanza, ya ufizi kuvimba, hurudi nyuma kabisa mara jino linaposafishwa, lakini mfupa ukishapotea haurudi, na ndiyo maana wiki za mwanzo za ugonjwa zina thamani kuliko miaka yote inayofuata.

Hapa mbwa hutofautiana na mwenye mbwa. Mate ya binadamu yanakaribia hali ya kutokuwa na asidi wala alkali, ilhali mate ya mbwa yana alkali zaidi, na alkali hiyo huzuia asidi inayotoboa meno. Kwa sababu hiyo, pamoja na umbo la meno yake yaliyochongoka na yasiyo na mabonde mengi ya kuhifadhi chakula, mbwa hupata matundu ya meno kwa nadra. Alkali hiyohiyo, hata hivyo, huharakisha kuganda kwa madini, na kinywa kinachoepuka matundu hulipia kwa ugaga. Hili lina maana kwa mfugaji, kwa sababu mtu anayepima afya ya meno ya mbwa kwa kutafuta vidoa vyeusi na mashimo, kama anavyofanya kwa watoto wake, atamaliza uchunguzi akiwa ameridhika huku mizizi ikilegea.

Chakula cha mbwa wa Nassa ni kile kinachobaki sufuriani: ugali wa mahindi, wa mtama au wa udaga, ukoko uliolowekwa, mchuzi, vichwa vya samaki na dagaa wa Ziwa Victoria, na mifupa siku ambayo mnyama amechinjwa. Ugali laini hunata kwenye meno wala hausugui chochote, hivyo mbwa anayeishi kwa ugali peke yake hukusanya plaki haraka. Lakini lawama isiutupiwe ugali wote, kwani mbwa anayelishwa chakula kikavu cha dukani naye hupata ugaga, kwa sababu punje nyingi hupasuka mara ncha ya jino inapozigusa, kabla hazijafika kwenye ufizi. Chakula, kiwe cha namna gani, husaidia au hudhuru kidogo tu, na hakijawahi kuchukua nafasi ya kusugua.

Suala la mifupa linastahili nafasi zaidi, kwa kuwa imani kwamba mfupa ni mswaki wa mbwa imeenea kote, na imani hiyo ina nusu ya ukweli. Mbwa anayetafuna hupunguza kweli ugaga kwenye magego yake, na mtu akilinganisha kinywa cha mbwa wa machungani na cha mbwa wa mjini anayekula wali na mchuzi ataona tofauti. Lakini kusafisha sehemu ya juu ya jino si sawa na kusafisha chini ya ufizi, na gharama yake ni kubwa, kwa sababu mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu kiasi cha kuupasua ubavu wa lile gego kubwa la juu na kuiacha neva ikiwa wazi. Mfupa uliochemshwa au kuchomwa ni hatari kwa namna nyingine, kwani moto huufanya uvunjike kwa vipande vyenye ncha vinavyokwama kati ya meno, vinavyochoma kaakaa au kutoboa utumbo. Miiba mikubwa ya sangara na sato huangukia kundi hilohilo. Dagaa, kwa upande wao, ni wadogo na laini vya kutosha kuliwa wazima, na ni chanzo kizuri cha protini na kalisi, ingawa hawasafishi chochote. Kanuni inayofaa zizini kama inavyofaa sebuleni ni kwamba kitu chochote ambacho ukucha wa mtu hauwezi kukibonyeza hata kidogo ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Kanuni hiyo inahusu pia mawe na pembe, ambavyo mbwa waliofungwa mnyororo mchana kutwa huvitafuna kwa kuchoka.

Afya ya meno huanza kuamuliwa kabla meno ya kudumu hayajachomoza, na katika ukanda huu jambo hilo lina historia inayojulikana duniani. Mwaka 1994 simba wa Serengeti, hifadhi ambayo lango lake la Ndabaka liko kwenye barabara hiyohiyo ya Musoma, mwendo mfupi kutoka Nassa, walianza kutetemeka, kuanguka na kufa, na hesabu za watafiti zilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo waliangamia. Chanzo kilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi ambao chimbuko lake katika mlipuko ule lilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na miaka iliyofuata kampeni za kuchanja mbwa zilipelekwa katika vijiji hivyo, zikilenga kichaa cha mbwa, distempa na parvo. Kinachosimuliwa mara chache ni kile ambacho distempa huwafanyia mbwa wenyewe wanaonusurika. Virusi hushambulia seli zinazojenga enameli, yaani gamba jeupe na gumu linalofunika jino, na mtoto wa mbwa anayeugua katika miezi michache ya mwanzo, wakati meno yake ya kudumu bado yanajengwa ndani ya taya, huja kuchomoza meno yenye mabonde, madoa ya kahawia na sehemu zisizo na gamba kabisa. Meno hayo hushika plaki upesi, huhisi baridi na moto, na huvunjika kirahisi, na hakuna mswaki utakaorudisha enameli ambayo haikujengwa. Kwa hiyo chanjo ya distempa, inayoanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki 16, ni tendo la kwanza la utunzaji wa meno, hata kama hakuna anayeliita hivyo.

Madoa ya meno si lazima yatokane na distempa. Katika sehemu za Simiyu na Shinyanga zilizo mbali na ziwa, Meatu na Kishapu zikiwemo, maji ya visima yana floridi nyingi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na athari yake kwenye meno ya watu waliokulia huko inafahamika vyema. Floridi ya kupita kiasi huvuruga ujenzi wa enameli ya wanyama pia, endapo wataipata wakati meno yanakua. Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, hivyo mtoto wa mbwa anayekulia Nassa akinywa maji ya ziwa hayumo katika hatari hiyo, lakini mbwa aliyenunuliwa kutoka vijiji vya ndani anaweza kuja na madoa ya kudumu ambayo hayahitaji tiba wala kukwaruzwa.

Kabla ya kueleza namna ya kushika kinywa cha mbwa, ni lazima lielezwe lini kisishikwe. Kichaa cha mbwa bado kipo Tanzania. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 na watafiti waliofanya kazi kandokando ya Serengeti yaliweka vifo vya watu nchini kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, wengi wao wakiwa watoto. Ugonjwa huo hauji kwa sura ya mbwa mkali peke yake. Kuna sura ya kimya, ambayo koo na taya la chini hupooza, mdomo ukabaki wazi, mate yakatiririka, na mbwa akashindwa kumeza, na mwenye mbwa, kwa huruma, akadhani mfupa umemkwama kooni na akaingiza mkono kuutoa. Huruma hiyo imewaua watu. Virusi viko kwenye mate, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuvipitisha. Mbwa ambaye hajachanjwa, ambaye tabia yake imebadilika, anayetoa mate kupita kawaida au aliyeachama bila sababu inayoonekana hachunguzwi kinywa na mtu wa nyumbani. Hutengwa, na ofisa mifugo huitwa. Aliyekwisha kung'atwa au kulambwa kwenye kidonda huosha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje, kwa kuwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Uzito huu wote ni sababu ya kumchanja mbwa kila mwaka, na mbwa aliyechanjwa, aliye mzima na anayemjua mtu wake anaweza kushikwa kinywa kwa utulivu.

Mafunzo huanza akiwa mdogo. Mtoto wa mbwa wa wiki nane hukubali karibu kila kitu anachofanyiwa kwa upole, hivyo siku za mwanzo hunyanyuliwa tu mdomo wa juu kwa kidole gumba, akaguswa ufizi kwa sekunde chache, kisha akapewa kipande cha samaki. Baada ya wiki moja au mbili kidole huzungushiwa kitambaa safi cha pamba kilicholowa maji, na baadaye huletwa mswaki laini wa mtoto, ambao hupatikana katika maduka ya Lamadi au Nyashimo kwa bei ya kawaida. Si lazima mbwa aachame. Midomo ikifumba, mswaki hupitishwa kati ya shavu na meno, ukiinamishwa kuelekea kwenye ufizi kwa pembe ya takriban nyuzi 45, na husogezwa kwa duara ndogo ndogo ili nyuzi zake ziingie kidogo chini ya ukingo wa ufizi. Upande wa nje wa magego ya juu ndio unaostahili muda mwingi zaidi, kwa sababu mfereji wa tezi kubwa ya mate hufungukia karibu na lile gego la nne, na madini ya mate hugandia hapo kabla ya kwingineko. Upande wa ndani husafishwa kwa kiasi fulani na ulimi wenyewe. Anayebanwa na kazi za shamba wakati wa msimu wa pamba afadhali asugue magego hayo ya juu ya pande zote mbili kila jioni kwa nusu dakika, kuliko kusugua kinywa chote mara moja kwa mwezi, kwa kuwa plaki hugeuka ugaga ndani ya siku chache na haimsubiri mtu apate nafasi. Ufizi ukitoka damu kidogo siku za mwanzo, hiyo ni dalili kwamba umevimba na unahitaji kuendelea kusuguliwa kwa upole, si dalili ya kuacha.

Dawa ya meno ya binadamu haimfai mbwa. Mbwa hajui kusukutua na kutema, hivyo humeza floridi na sabuni yote iliyomo, na baadhi ya dawa hizo, pamoja na pipi na jojo zisizo na sukari, huwa na zailitoli, kiungo cha utamu ambacho humfanya mbwa amwage insulini kwa wingi, sukari ya damu ikashuka ghafla na ini likaweza kuharibika. Maji matupu yanatosha, kwani kazi hufanywa na msuguano, na dawa maalumu ya mbwa yenye ladha ya nyama, pale inapopatikana, faida yake kubwa ni kumfanya mbwa akubali mswaki. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga, ambavyo vimewahudumia watu vijijini kwa vizazi vingi, huacha mikwaruzo kwenye enameli na kuuchubua ufizi, na mbwa huvimeza. Vivyo hivyo kukwangua ugaga kwa kisu au msumari, kazi ambayo wapenda mbwa wengine huifanya kwa nia njema kabisa, huacha uso wa jino ukiwa na mikwaruzo inayoshika plaki mpya ndani ya siku chache, na hakugusi kile kilicho chini ya ufizi.

Ugaga uliokwisha kuganda, basi, ni kazi ya kliniki. Usafishaji wa kweli hufanywa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, mpira ukiwa umeingizwa kwenye koromeo ili maji na uchafu visiingie mapafuni. Daktari hupima kina cha mifuko ya ufizi kuzunguka kila jino, huondoa ugaga juu na chini ya ufizi, kisha hulainisha uso wa jino ili plaki ichelewe kushika. Vyama vya madaktari wa meno ya wanyama vya Marekani na Ulaya vinapinga usafishaji unaofanywa mbwa akiwa macho, kwa kuwa huleta weupe unaomridhisha mwenye mbwa na kuuficha ugonjwa. Huduma kamili ya namna hii iko karibu zaidi na miji mikubwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinachofundisha madaktari wa mifugo, kuliko ilivyo karibu na Busega, na umbali huo ndio unaoufanya mswaki wa jioni uwe na thamani kubwa zaidi kijijini kuliko mjini. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliyounda Baraza la Veterinari imeweka utaratibu wa nani anaruhusiwa kutibu wanyama, na kung'oa jino la mbwa kwa koleo chini ya mti, mbwa akiwa ameshikiliwa na vijana wanne, si tiba. Mzizi hubaki ndani, na taya la chini, likiwa limeliwa na ugonjwa, linaweza kuvunjika.

Dalili zinazodai safari ya kwenda kliniki zinatambulika bila vifaa. Harufu kali ya kinywa si tabia ya mbwa bali ni gesi za bakteria walio chini ya ufizi. Mbwa anayetafuna upande mmoja, anayedondosha tonge, anayeacha mifupa aliyokuwa akiipenda au anayesugua uso ardhini anaumwa jino mpaka ithibitike vinginevyo. Uvimbe unaotokea chini ya jicho, ukapasuka, ukatoa usaha, ukakauka na kurudi tena, mara nyingi hutibiwa kama jeraha la mwiba, ilhali chanzo chake ni usaha wa mizizi ya lile gego kubwa la juu. Usaha unaotoka tundu moja la pua, hasa kwa mbwa mzee, unaweza kumaanisha kwamba mfupa kati ya chonge na pua umeliwa hadi kutoboka. Jino lililovunjika kwa teke la ng'ombe na kuonyesha nukta nyekundu au nyeusi katikati limefunguka hadi kwenye neva, na kwa kuwa bakteria wataingia, uamuzi uliobaki ni kutibu mzizi au kuling'oa, si kungoja. Wakati safari inaandaliwa, mbwa asipewe dawa za maumivu za watu: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hupatikana katika kila duka la dawa, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kwa kipimo ambacho kwa mtu ni kidogo, na parasetamoli nayo si salama bila daktari kuipima kwa uzito wa mnyama.

Wenye mbwa wa ulinzi huogopa kung'olewa kwa meno kuliko ugonjwa wenyewe, kwa dhana kwamba mbwa kibogoyo hana kazi zizini. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haiungwi mkono na yale yanayoonekana baada ya matibabu. Fisi hufukuzwa kwanza kwa kubweka na kwa idadi ya mbwa, na mbwa aliyeondolewa magego mabovu, akishapona fizi katika wiki mbili hivi, hula ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa bila shida, huongezeka uzito, na mara nyingi hurudia ukali alioupoteza kidogo kidogo katika miezi ambayo watu wa nyumbani walikuwa wakisema kwamba amezeeka.